Kabla ya kufukua lambo, panda juu ukaangalie malisho

Mwaka 2011 tulichanga fedha kijijini, huku Kishapu, mkoani Shinyanga, tufukue lambo letu lililojaa tope. Kila kaya ilitoa kulingana na mifugo yake, na mimi niliyekuwa na ng'ombe 34 nilitoa bila kinyongo. Mtambo ukaja, ukachimba siku nne, ukarundika tope kandokando ya tuta, watoto wakapata mlima wa kuchezea. Ilipofika Septemba 2014, ng'ombe wangu walisimama katikati ya lambo lile lile, maji yakiwaishia kwenye kwato.

Tulilipia udongo utolewe. Hakuna aliyeuliza ulikuwa unatoka wapi.

Mvua za kwanza za msimu ule zilipoanguka, nilivaa mabuti nikafuata maji kinyumenyume, kutoka lamboni kwenda juu. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kila kijito kilipogawanyika nilishika tawi lenye maji machafu zaidi, likanipeleka mpaka kwenye njia ya ng'ombe, ile wanayopita kila asubuhi wakienda machungani. Njia ilikuwa imegeuka mfereji unaonifika magotini. Juu yake, mteremko mzima tuliokuwa tunauita malisho ulikuwa na nyasi fupi kama kichwa kilichonyolewa wiki iliyopita. Nikachuchumaa. Kila shina la nyasi lilikuwa limekaa juu ya kijilima chake cha udongo, kimo cha vidole viwili, mizizi ikiwa nje. Mwanzoni nilidhani mashina ndiyo yaliyoinuka. Kumbe ardhi iliyo kati yake ndiyo iliyoshuka. Vidole viwili vya udongo, mteremko mzima, vyote viko lamboni.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aache kwanza kuhesabu ng'ombe, akaangalie ardhi iliyo kati ya shina na shina. Chukua kopo la maziwa ya unga, toa kitako, ligongelee ardhini kina cha vidole vitatu, mimina glasi mbili za maji, kisha tazama saa ya simu. Ndani ya ngitili ya jirani yangu, yaani eneo la malisho linalofungwa lipumzike, chini ya mgunga, maji yalimezwa kwa dakika tatu. Nikatoka nje ya ngitili hatua hamsini hivi, udongo ule ule wa kichanga tunaouita luseni, nikamimina tena. Baada ya dakika 25 yalikuwa bado yamesimama, nikachoka nikang'oa kopo langu. Mvua kubwa ya nusu saa ikipiga mahali kama pale, haina kwa kwenda isipokuwa chini kwako, na haiendi mikono mitupu.

Sababu yake haina uchawi. Tone la mvua likipiga udongo mtupu linausambaratisha, chembe laini zinaziba vitundu, jua likitoka panafanyika ukoko mgumu. Penye nyasi na makapi tone linaangukia kitu laini, na mizizi pamoja na mchwa wamekwisha kulichimbia maji njia. Mchwa tunawachukia kwa sababu ya nyumba zetu, lakini kwenye malisho ni vibarua wasiodai posho.

Wataalamu waliowahi kupita kwetu walikuja na wimbo mmoja: punguzeni mifugo. Siukatai, nitaurudia hapo chini. Ila ng'ombe kumi wakizungushwa mahali pamoja mwaka mzima wanaua nyasi kuliko hamsini wanaopita wiki moja wakaondoka. Nyasi iliyoliwa huchipua kwa kutumia akiba iliyo kwenye shina na mizizi. Ng'ombe naye hupenda chipukizi lile, laini na tamu. Akirudi baada ya siku kumi akalikata, akarudi tena, mizizi inafupika mwaka hadi mwaka, na ukame ukipiga hodi shina halina cha kushikilia. Zinabaki nyasi za sindano ambazo hata mbuzi anazipita. Kinachohitajika ni mapumziko, na mapumziko yenye maana ni yale ya wakati wa mvua, nyasi inapokua. Kuipumzisha nyasi mwezi wa kumi ni kumfunika marehemu blanketi.

Wazee wetu Wasukuma walilijua hili, ndiyo maana ya ngitili. Eneo linafungwa mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, linafunguliwa Julai au Agosti malisho mengine yakiisha. Linafunguliwa kwa vipande, kipande kimoja kikimalizika ndipo kinafuata kingine, na wa kwanza kuingia ni maksai wa kulima, ng'ombe wanaokamuliwa na ndama. Kisha mambo yakaharibika. Tangu enzi za mkoloni misitu ilifyekwa ili kuondoa mbung'o, pamba ikachukua ardhi, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 70 ikatuhamisha mbali na ngitili zetu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 ulihangaika sana na miche na vitalu, lakini kilichobadilisha sura ya mkoa ni kuifufua ngitili: funga eneo, visiki vilivyomo ardhini vichipue vyenyewe. Mimi nilikuwa kijana nikiona ile miti inarudi, na sikujifunza kitu. Nilijua ngitili ni akiba ya chakula cha kiangazi. Kwamba ni mlango wa maji pia, sikuwahi kuwaza.

Mwaka 2015 nilifunga ekari zangu 20 za mteremko ulio juu ya lambo. Na nikaharibu mara mbili, nieleze ili usirudie.

Kosa la kwanza lilikuwa kuona haya. Februari mvua zilikatika wiki tatu, shemeji yangu akaja na ng'ombe wake mlangoni. "Shemeji, siku mbili tatu tu, mvua zirudi niondoke." Ungemwambia nini kaka wa mke wako, amesimama juani, na dada yake anamkaribisha uji? Nikafungua. Siku mbili tatu zikawa mwezi. Nyasi zilikuwa ndiyo kwanza zinatoa masuke. Mbegu ambazo zingeanguka mwaka ule ziliishia tumboni mwa ng'ombe wa shemeji, na wangu waliowafuata. Siku hizi nina jibu: natenga ekari mbili za pembeni, sehemu tambarare isiyo juu ya maji, kwa ajili ya shemeji. Undugu nao lazima utengewe eneo, usipoutengea utajitengea wenyewe.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu nililifanya kwa akili timamu. Nilipofunga mteremko, ng'ombe walewale 34 nikawahamishia kandokando ya kijito. Ndani ya msimu mmoja kingo zilibomoka, korongo jipya likafunguka, udongo ukawa karibu zaidi na lambo kuliko zamani. Ukifunga mahali, miguu iliyokuwa pale inakwenda mahali pengine, na ni lazima uamue mapema iende wapi. Hili ndilo nawakumbusha wanaoshangilia kila wafugaji wanapoondolewa kwenye bonde fulani. Wafugaji ndugu zetu waliondolewa bonde la Usangu, huko Mbeya, mwaka 2006, na wengi hawakuishiwa ng'ombe, walihama nao. Nao mto Ruaha Mkuu, waliolaumiwa kuukausha, ulikuwa umeanza kukauka kiangazi tangu 1993, na mashamba ya mpunga yaliyoko juu yake yaliendelea kunywa maji yake.

Sasa hesabu, kwa sababu bila hesabu tunabaki kubishana. Agosti, kabla ya kufungua, chukua fremu ya mita moja kwa mita moja (mimi nilitumia fito nne na kamba), itupe sehemu kumi tofauti, kata nyasi zote zilizo ndani, zianike zikauke kabisa, pima kwenye mizani ya dukani. Ukipata wastani wa gramu 150, ekari moja ina kama kilo 600. Ekari zangu 20 zina kilo 12,000. Nusu acha ardhini, hiyo ni blanketi la udongo na mtaji wa mwakani; zinabaki 6,000. Ng'ombe wetu wa asili mwenye kilo 250 anakula kama kilo sita za majani makavu kwa siku. Gawanya: ni siku 1,000 za ng'ombe mmoja, au siku 100 za ng'ombe kumi, kuanzia katikati ya Agosti hadi mwishoni mwa Novemba. Nilipopiga hesabu hii mara ya kwanza nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea. Nilikuwa na ng'ombe 34.

Hapo ndipo wimbo wa wataalamu unaporudi. Uza, lakini uza Juni, ng'ombe akiwa na mgongo wa kuteleza. Mwaka 2016 nilikataa laki nane za maksai mmoja mnadani mwezi Juni, nikamuuza Novemba laki tatu na nusu, na katikati alikuwa amekula majani ya miezi mitano. Leo nina 22, maziwa hayajapungua. Baba yangu mdogo bado ananiuliza kwa sauti ya msiba, "Wale wengine walikufa?"

Kuhusu maji yenyewe: ng'ombe asiingie lamboni. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au bwawa, na watu wanaisoma kama amri ya kuwanyima, lakini ukiona bwawa ambalo mifugo inashuka na kujisaidia humo humo utaelewa. Tulijenga birika la saruji chini ya tuta, bomba likapita chini kwa chini, tukazungushia lambo minyaa na katani. Minyaa ni rahisi, unachomeka tawi tu, na mbuzi hawaigusi. Birika hilo limefanya kazi kubwa kuliko mabango yote.

Jambo jingine lililonishangaza ni zizi la kuhama. Kuna vipara kwenye mteremko ambavyo havioti kitu hata ukivifunga miaka mitatu. Niliwalaza ng'ombe juu ya kipara kimoja siku nane mfululizo, kiangazi, nikahamisha uzio wa miiba kwenda kinachofuata. Kwato zilivunja ukoko, samadi na mkojo vikabaki, na mvua zilipokuja kipara kilivaa nyasi. Kwenye luseni ilifanya kazi mara nne kati ya tano. Kwenye itogolo, ule udongo mgumu wa chumvi, ilishindikana kabisa. Mtaalamu mmoja wa malisho kutoka Zimbabwe, Allan Savory, anahubiri kwamba kundi kubwa lililobanwa na kuhamishwa haraka linaponya ardhi inayogeuka jangwa, na wanasayansi wengi wanambishia. Kwa vipara vyangu vichache naona kwato ni dawa, lakini dozi ikizidi ni sumu, na udongo mwingine hautibiki kwa kwato.

Yote haya hayawezekani peke yako ikiwa mteremko ni wa watu saba. Wetu ulikuwa wa watu saba. Tulianza kwa kukaa, mara nyingi kuliko nilivyotaka, mpaka wazee wakaitisha dagashida, mkutano wetu wa jadi, na faini ikatajwa hadharani, sungusungu, walinzi wa jadi, wakasikia. Baadaye tukaipeleka serikali ya kijiji ikawa sheria ndogo, na wenye ngitili binafsi wakafuatilia hati za hakimiliki za kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Ushauri wangu ni kwamba anza na dagashida, karatasi zifuate. Nimeona kijiji cha jirani kikianza na karatasi, wachungaji hawakuwahi kuambiwa kilichoandikwa humo. Na wachungaji wenyewe, vijana wa miaka 12 na 14, waite kwenye kikao. Wao ndio wanaojua kila siku ng'ombe walikula wapi. Sisi tunajua tulichowaambia.

Mwaka jana maji yalikuwepo lamboni mpaka mvua zikayakuta, na ya kwanza kuingia hayakuwa chai ya maziwa, yalikuwa chai ya rangi. Mashina bado yamekaa juu ya vijilima vyake, kwa sababu udongo ulioondoka haurudi, ila kati yake pana makapi na miche midogo. Tatizo lililobaki ni ule mfereji wa njia ya ng'ombe. Tumeupanga mawe na matawi ya migunga kila hatua kumi, safu tatu za juu zimenasa udongo vizuri, za chini zimesombwa. Juni, tukishavuna mtama, nitahamisha njia yenyewe ipande kwa kuzungukazunguka mteremko badala ya kushuka moja kwa moja. Ng'ombe wangu wa kwanza kwenye msafara, Mabala, hapendi njia mpya, kwa hiyo nitaanza kumzoesha na pumba.