Kagua besi ya namba kwenye GDB kabla ya kuulaumu msimbo

Thamani ikikaa vibaya ndani ya GDB, dibaga (programu ya kuchunguza makosa ya msimbo), anza kwa kuandika `print 10`. GDB ikijibu 10, inasoma na kuonyesha namba kwa besi ya 10. Ikijibu 0xa, inasoma kwa 10 lakini inaonyesha kwa 16. Jibu 16 ni kinyume chake: kila namba unayoandika inachukuliwa kuwa heksadesimali (besi ya 16). Ukipata 0x10, pande zote mbili zimehamia 16.

Pande hizo ni mipangilio miwili, `input-radix` (kusoma) na `output-radix` (kuonyesha). Amri ya `set radix 16` huibadilisha yote kwa mpigo, na hapo ndipo wengi huingia mkenge, maana walitaka kubadilisha maonyesho tu. Wakitaka kurudi huandika `set input-radix 10`, na wapi! GDB iliyo kwenye 16 huisoma hiyo 10 kuwa kumi na sita. Andika `set input-radix 0xa`, au `10.` yenye nukta mwishoni, kwani nukta hiyo huilazimisha isome desimali. Au toa `set radix` bila namba yoyote. Hapo mipangilio yote miwili hurudi 10.

Kusema kweli, `input-radix` ni heri usiiguse kabisa. Ukiandika 0x mbele ya namba ya heksadesimali, inatosha. Ukiiacha kwenye 16, jina kama `a` huweza kuwa kigeu au namba. Angalia pia sifuri ya mbele: `print 010` hutoa 8, na `print 08` hukataliwa kwa sababu sifuri hiyo humaanisha oktali (besi ya 8), isiyo na tarakimu 8. Namba zilizojazwa sifuri kwenye logi usizinakili zilivyo.

Kwa kutazama thamani moja, tumia `print/x` (heksadesimali), `/d` (desimali) au `/t` (bainari). Ila heksadesimali huficha hasi: -1 ya biti 32 hutokea 0xffffffff, kwa hiyo ihakiki kwa `/d`. Anwani za pointa zisikupe wasiwasi, hizo kwa kawaida huonyeshwa kwa 16.

Tatizo likirudi kila ufunguapo GDB, tazama faili `.gdbinit`, ambalo GDB hulisoma inapoanza; `gdb -nx` huanza bila kulisoma.

WinDbg, dibaga ya Windows, ina desturi yake: `? 10` hujibu 16, kwa kuwa besi yake ya kawaida ni 16. Amri `n` huonyesha besi iliyopo, `n 10` huibadilisha, na 0n10 ni desimali siku zote. Lakini `??`, inayofuata kanuni za C++, huisoma 10 ileile kuwa kumi.