Alama moja ya mwanzi ni wiki moja: tunavyovuka kiangazi Newala

Ijumaa iliyopita binti yangu alizamisha mwanzi wenye alama kwenye kisima chetu cha maji ya mvua, akauvuta, akahesabu sehemu iliyolowa. Alama saba. Kwetu alama moja ni wiki moja, kwa hiyo tuna maji ya wiki saba. Tupo katikati ya mwezi wa kumi, na huku juu mvua ya kutegemea huanza mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja au mwanzoni mwa Desemba. Tutavuka. Lakini si mbali na kwangu wapo majirani ambao tangu mwezi wa nane wananunua maji kwa dumu, na nyumba zao zina bati jipya kuliko langu. Hao ndio walionifanya nikae niandike.

Kwa asiyepajua, Newala iko kusini mwa Tanzania, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la mto Ruvuma limelala chini yako, na ng'ambo ni Msumbiji. Mto ule una maji mwaka mzima. Sisi huku juu hatuna hata kijito. Ardhi yetu ni ya mchanga, mvua ikinyesha inazama palepale, inashuka chini sana, kisha inakuja kuchomoza kama chemchemi kwenye miguu ya mteremko. Mgeni akija wakati wa masika na kuona kijani hiki chote hawezi kuamini kwamba miezi michache baadaye watu watagombania ndoo.

Bibi alikuwa akitusimulia kwa nini wazee walikubali kukaa mbali na maji namna hii. Mtu wa kwanza alikuwa peke yake, akachonga mti kwa sura ya mwanamke, na ule mti ukawa mke. Wakaenda kuoga mtoni, mtoto akazaliwa maiti. Wakapanda juu kidogo, wakaoga tena, mtoto wa pili naye hakuishi. Walipofika juu kabisa, kwenye vichaka, mtoto wa tatu akaishi, naye ndiye Mmakonde wa kwanza. Bondeni palikuwa na homa, na baadaye palikuwa na watekaji wa watumwa na mashambulizi ya Wangoni. Wazee walichagua uhai. Gharama ya uchaguzi huo ilibebwa na shingo za wanawake.

Nimeibeba na mimi. Mama alikuwa akituamsha saa tisa za usiku, mimi na dada yangu, kila mmoja na ngata yake. Kushuka ni rahisi, unakwenda unaimba. Chemchemi inatoka kidogokidogo, unasubiri zamu, unakinga kwa kata hadi ndoo ijae. Kupanda ndiko kwenye kazi: mguu unateleza kwenye changarawe, maji yanakumwagikia mgongoni, na ukifika nyumbani ndoo imepungua robo na kengele ya shule imeshalia. Hadi leo nikisikia mtu anamgombeza mtoto kwa kunawa kwa maji mengi, najua alikopita.

Sasa nisikilizeni kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi wetu tumekosea. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Nyumba yangu ni mita 6 kwa 10, yaani mita za mraba 60. Toa yanayorukia nje na yanayobaki kwenye gata, yaani mfereji wa ukingoni mwa bati, tuseme moja ya tano. Ikinyesha milimita 40 usiku mmoja, na masika yetu hunyesha hivyo, napata zaidi ya lita 1,900. Mvua ya mwaka mzima ikiwa milimita 900, hilo bati dogo linateremsha lita 43,000. Ndoo zaidi ya 2,000! Zinapita mbele ya mlango, zinachimba uwanja, zinakwenda zake. Miezi saba baadaye tunashika fedha ya korosho tunanunua dumu moja kwa shilingi 500, na mwaka mmoja mbaya nililinunua kwa 1,000. Tatizo letu ni chombo. Mvua tunayo.

Pipa la lita 200 si chombo cha kiangazi, ni maji ya siku mbili. Tangi la plastiki, simtanki, la lita 5,000 linasaidia, ila kwa watu sita halifiki mwezi wa nane hata mkibana. Kinachofaa huku kwetu ni kisima cha kuchimba chini ya ardhi, cha saruji, kinachopokea maji ya bati. Wazee wa mjini Newala wanavyo tangu zamani, hakuna jipya hapo. Lakini kina mitego yake, na mimi nilinasa.

Msimu wa 2017/18 bei ya korosho ilikuwa nzuri, fedha ya mnadani ikaingia, nikamwambia mume wangu kabla hatujagusa kitu kingine tuchimbe kisima. Tukamtafuta fundi. Akachimba shimo la pembe nne, akapiga plasta nyembamba siku mbili, siku ya nne mvua ikaanza na sisi tukafurahi kuona maji yanaingia. Mwezi wa tano kilikuwa kimejaa pomoni. Mwezi wa saba nikafungua mfuniko nikakuta tope. Nilikaa pale chini nikalia. Ilikuwa fedha ya magunia mengi, na ada ya mtoto ilikuwa imesubirishwa kwa ajili yake.

Nikaenda kwa mjomba, ndugu yake mama, aliyejenga visima ujana wake wote.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Nimesikia. Kilikuwa cha pembe nne?"

"Ndiyo mjomba."

"Basi kilipasukia kwenye kona. Maji yanasukuma sawasawa kila upande, na kona ndiyo inayochoka kwanza. Mlikimwagilia?"

Hatukukimwagilia. Sikujua hata kwamba saruji inamwagiliwa.

Kisima cha pili alisimamia mwenyewe. Cha duara, upana mita 3, kina mita 3. Ukutani alibana wavu wa kuku kabla ya plasta, plasta ikapigwa mara mbili, ya pili ikiwa na dawa ya kuzuia maji kupenya, kisha niru, ile saruji laini ya kumalizia. Halafu, na hili alilirudia mpaka nikachoka kulisikia, siku kumi nzima tulikuwa tukimwagilia kuta asubuhi na jioni na kuzifunika kwa magunia mabichi. Saruji ikikauka haraka inapasuka nyufa ndogo usizoziona, na maji yatazikuta. Kwa hiyo jengeni mwezi wa nane au wa tisa, msisubiri mawingu. Ndiyo, ndio wakati ambao hatuna maji ya kumwagilia, na ndiyo maana watu wanaruka hatua hii. Mimi nilinunua madumu, yakaniuma, ila kisima hicho hakijavuja tone hadi leo. Mjomba alikataa pia mahali nilipopataka, chini ya mwembe, kwa sababu mizizi inafuata unyevu na kutoboa ukuta. Na kiwe mbali na choo, upande wa juu wa mteremko.

Mfuniko uwe wa zege, wenye mdomo mdogo na kifuniko kinachofungwa kwa kufuli. Mtoto mdogo hahitaji dakika tano kutumbukia. Mdomo wa bomba linaloingiza maji ufungwe wavu wa mbu. Siku ya kusafisha asiingie mtu peke yake, kiacheni wazi kwanza kipate hewa, na kamwe msiteremshe ndani mashine ya petroli. Moshi wake unaua mtu kabla hajapiga kelele.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo washauri kutoka mbali hawalitaji. Sisi tunaishi katikati ya mikorosho. Kuanzia mwezi wa sita tunapulizia salfa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na ile salfa ya unga haikai mtini tu, inaruka na kutua juu ya bati. Bati linakaa nayo hadi mvua ya kwanza, pamoja na vumbi, vinyesi vya ndege na majani makavu. Usikubali maji hayo yaingie kisimani. Bomba langu linaloshuka kutoka kwenye gata lina elbo, yaani kona ya bomba, isiyogundishwa. Kiangazi chote nimeigeuza inatazama nje. Mvua mbili za kwanza zinamwagika kwenye migomba, na naigeuza kuelekea kisimani pale tu ninapokinga maji ya batini kwa bakuli jeupe nikayaona safi, hayana rangi wala harufu. Katikati ya masika pia, mvua ikikata wiki nzima, naacha dakika za mwanzo ziende nje. Roho inauma kuona maji yanapotea mwezi wa kumi na mbili, najua. Lakini yatakuja mengi.

Sasa mwanzi. Kisima cha upana wa mita 3 kinabeba karibu lita 700 kwa kila sentimita 10 za kina. Sisi tuko sita, na tulikubaliana ndoo tano za lita 20 kwa siku, yaani lita 100. Lita 700 ni siku saba. Kwa hiyo mume wangu alikwangua alama kila sentimita 10 kwenye mwanzi mrefu mkavu, alama 30, na kila alama ikawa wiki. Kisima kikijaa mwanzoni mwa Mei, wiki 30 zinatufikisha mwishoni mwa Novemba. Mwanzi unasafishwa, unaning'inizwa ndani ukutani, haulazwi chini kamwe, na Ijumaa binti yangu anapima. Wiki ikishuka alama moja na nusu, jioni hiyohiyo tunakaa tunaulizana maji yamekwenda wapi. Kabla ya mwanzi tulikuwa tunagombana mwezi wa kumi, wakati hakuna kinachosaidia. Siku hizi tukigombana ni mwezi wa sita, na bado kuna nafasi ya kurekebisha. Kama kisima chako ni cha upana mwingine fundi akupigie hesabu yako, usinakili alama zangu.

Anayechota ni mtu mmoja, kwa ndoo moja yenye kamba yake, ambayo haifanyi kazi nyingine. Ndoo mbili ni za kunywa na kupika, hizo hazijadiliwi. Moja na nusu ni ya kuoga, kwa kopo. Zinazobaki ni za vyombo, kuku na akiba ya kufua. Tunafua mara moja kwa wiki mbili, na maji ya kusuuzia yanakwenda chooni. Maji ya kuogea yanamwagwa kwenye mpapai na migomba, ambayo haijakauka miaka mitatu sasa.

Maji ya kunywa, hata yakiwa meupe kama kioo, tunayatibu. Kuni zikiwepo tunachemsha. Zisipokuwepo tunatumia dawa ya klorini ya dukani kwa kipimo kilichoandikwa, au tunayatia kwenye chupa za plastiki zinazopitisha mwanga na kuzilaza juu ya bati lenye jua kali kwa saa sita. Kukiwa na mawingu ziache siku mbili.

Najua wapo watakaosema bomba linakuja. Natamani lije, na likija nitakuwa wa kwanza kwenye foleni ya kuunganishiwa. Lakini maji ya bomba la huku yanasukumwa kutoka bondeni, kupandishwa mamia ya mita, na siku pampu au umeme vikisimama, koki zote za juu zinasimama. Mwenye kisima siku hiyo anapika kama kawaida.

Minada ya korosho imeanza. Kama bati lako halina gata, anza na gata na simtanki moja mwaka huu, kisima mwakani. Mimi kesho napandisha ngazi nitoe majani kwenye gata na kuangalia kama elbo bado inatazama nje. Mjomba amezeeka, hapandi tena, ila ameniambia atakuja akae chini ya mwembe anielekeze.