Miti inayopukutika kaskazi: kwa wanaoanza kazi ya bustani Malindi

Januari yangu ya kwanza katika kazi hii niliua franjipani kwa huruma. Majani yalikuwa yamepukutika yote, matawi yamebaki kama vidole vilivyovimba, nami nikadhani mti una kiu. Nikaumwagilia asubuhi na jioni. Baada ya wiki tatu nikabonyeza shina kwa kidole, kikazama. Mizizi ilikuwa imeoza. Aliyoniambia mwenye nyumba sitayaandika hapa.

Kwa hiyo wewe uliyekabidhiwa mpira wa maji juzi, anza na hili: mvua zikikatika na kaskazi likivuma, franjipani hupumzika. Maji yake yamo ndani ya shina. Wakati hauna majani haunywi sana, na unayoumwagia yanatuama tu mizizini. Ukiwa na wasiwasi, kwangua gome kwa ukucha. Chini kukiwa kijani na utomvu mweupe ukichuruzika, uache ulivyo.

Kipindi hicho cha uchi ndicho cha kukata vipandikizi. Mimi hukata Machi, kabla ya masika: tawi lililokomaa, la kijivu, urefu wa kama shibiri mbili. Lile la kijani usiliguse. Halafu, na hapa ndipo wengi huharibu, usilichomeke udongoni siku hiyo. Kidonda kibichi ndicho mlango wa kuoza. Kilaze kipandikizi kivulini pakavu siku 10 hadi 14, mpaka pale palipokatwa pawe pagumu. Kisha tafuta kopo, litoboe chini, ujaze mchanga wa mtoni na samadi kidogo iliyooza vizuri. Mchanga wa ufuoni una chumvi, hata kama uko hatua kumi kutoka langoni. Mwagilia mara moja, kisha subiri majani yachipue. Kopo likae chini ya ukingo wa paa, maana mvua za Mei zikilinyeshea kila siku utarudi kwenye kisa changu cha Januari. Wala usikivute kuona kama kimeota mizizi. (Nimeshavuta. Vinakatika.)

Mti uliokatwa nao hunufaika: pale ulipoondoa ncha huchipua matawi mawili au matatu, na maua ya franjipani hutoka kwenye ncha.

Adeniamu, ile inayoitwa waridi la jangwani, ni jambo jingine. Kipandikizi chake huota, lakini mara nyingi hakipati kile kitako kinene, yaani shina lililovimba chini, ambacho wateja wanakitolea pesa. Ukitaka kitako, panda mbegu. Maganda yake hukaa mawilimawili kama pembe za mbuzi. Ukiona yanaanza kupasuka, yafunge kwa uzi, kwani kila mbegu ina manyoya huku na huku na upepo utakupandia kwa jirani. Mbegu mpya huchipua kwa wiki moja hivi. Utomvu wake ni sumu, watu waliupaka kwenye mishale, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kushika jicho au andazi.

Bogonvilia haitaki kukaushwa. Kata kijiti cha unene wa penseli, kichomeke siku hiyohiyo wakati wa masika, na uchomeke vingi kwa sababu vingine vitakufa. Vaa glavu.