Kwa nini stesheni ya Haydarpaşa ina sura ya Kijerumani

Ndugu uliyeuliza, stesheni hiyo ya bandarini Istanbul ilisanifiwa na Wajerumani Otto Ritter na Hellmuth Cuno, enzi ambazo reli ya Anatolia, yaani upande wa Asia wa Uturuki, iliendeshwa kwa mtaji wa Kijerumani, na ujenzi wake ulianza mwaka 1906. Kwa kuwa sehemu yenyewe ilipatikana kwa kujaza udongo baharini, jengo zima limekalishwa juu ya nguzo 1,100 za mbao, kila moja ikiwa na urefu wa takriban meta 21. Kinachonivutia zaidi, kuliko hata minara yake, ni ngazi pana zinazoshuka kuelekea gati, ambako abiria alitoka kwenye treni akaingia feri. Mlipuko wa shehena ya silaha uliliharibu vibaya mwaka 1917, na moto wa 2010 ukateketeza paa.