Kabla ya joka, mama yake alikuwa anauza nini?

Mkuu, swali lako limenigusa. Unasema umeisoma historia yote ya ulimwengu wa Skyrim, lile gemu la kompyuta ambalo wengine tunalicheza mezani kwa karatasi na dadu, vita vyake, wafalme na miungu, lakini kila ukikaa kuandika maisha ya nyuma ya mhusika wako anatoka mtu yuleyule: yatima, kijiji kimeteketezwa na joka, upanga wa marehemu baba, kisasi. Na mwendesha mchezo wenu, yule anayewasimulia na kuwaongoza, kakwambia mhusika hana uhai, sasa unauliza ufanyeje. Nakujibu kwa urefu, maana sisi wa Kigoma tumelihangaikia hili mezani, watu watano, kila Jumapili jioni pale Mwanga, na makosa mengi ninayokueleza niliyafanya mimi.

Nianze na huyo yatima. Gemu linaanza Enzi ya Nne, mwaka 201. Joka lilipotua Helgen, mji mdogo wa nchi ya Skyrim, siku ile, kwa watu wengi wa Skyrim majoka yalikuwa mambo ya hadithi za wazee. Sasa kama mhusika wako ana miaka 25 na kijiji chake kiliungua akiwa na saba, basi kiliungua mwaka 183, na mwaka 183 hakuna joka lililokuwa linazunguka Skyrim likichoma vijiji. Hapo wengi hufuta joka wakaandika majambazi. Usifute. Mwache aendelee kusema lilikuwa joka. Mtoto wa miaka saba aliachwa aangalie jiko, akasinzia, nyumba ikashika moto, upepo ukaupeleka kwa jirani. Alipoulizwa akasema joka. Akapigwa, akachekwa, akakua, na sasa hata yeye mwenyewe hana hakika aliona nini. Miaka kumi na minane baadaye habari za Helgen zinamkuta sokoni. Anafurahi au anaogopa? Joka ni lilelile, mkuu, ila sasa kuna mtu.

Ninachokiamini ni kwamba mhusika wako usimtafutie kiti ndani ya historia kubwa ya gemu. Tafuta ile historia ilipopita mlangoni kwao ilichukua nini na iliacha nini.

Hili nililijua kwa bibi yangu kabla sijalijua kwenye gemu. Yeye ni wa vijiji vya juu, kuelekea Kalinzi, na alihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji miaka ya 1970. Shuleni tulifundishwa siasa yake na malengo yake. Bibi hajawahi kuanzia huko hata siku moja. Anaanza na kinu. Kinu kikubwa alichopewa na mama mkwe wake, hakikupata nafasi kwenye lori, akakiacha chini ya mwembe akijua atakirudia. Aliporudi alikuta mtu kakipasua kuni. Mama mkwe hakuwahi kumsemesha vizuri tena mpaka anaingia kaburini. Ukimsikiliza bibi kwa saa nzima utaijua operesheni yote, lori, haraka, watu waliokataa, ugomvi wa viwanja, lakini kila kitu kinakuja kikiwa kimekizunguka kile kinu.

Kwa hiyo nikifungua habari za gemu siku hizi natafuta vinu. Chukua Vita Kuu ya ulimwengu ule, mwaka 171 hadi 175. Ilimalizwa kwa Mkataba wa White-Gold, na mkataba ukapiga marufuku ibada ya Talos, mmoja wa miungu yao. Wachezaji wengi wataandika shujaa aliyepigana vita ile. Mimi namtaka fundi aliyekuwa anatengeneza hirizi za Talos. Jana ilikuwa biashara halali, leo ni kesi. Ana hirizi arobaini uvunguni. Azitupe? Anamwamini Talos. Aziuze? Kwa nani, na huyo mnunuzi atanyamaza? Binti wa fundi huyo anaweza kuwa mwizi, askari au mchawi, vyovyote utakavyo, na kila akisikia hodi usiku kuna kitu kinamshtuka kifuani ambacho wenzake mezani hawakielewi mpaka siku atakayowaambia.

Sasa nikueleze kosa langu kubwa. Mhusika wangu anaitwa Faldesi, ni Dunmer, ile jamii ya ngozi ya kijivu na macho mekundu kutoka Morrowind. Mwaka 5 wa Enzi ya Nne mlima wa Red Mountain ulilipuka, nchi ikafunikwa na majivu, na mwaka uliofuata Waargonian, watu wenye umbo la mijusi, wakavamia kutoka kusini. Dunmer wakakimbia kwa wingi, wengine kisiwani Solstheim, wengine Skyrim. Windhelm, mji wa bandari wa Skyrim, wakajibana mtaa mmoja ambao leo unaitwa Gray Quarter. Mimi nikaandika kwa fahari kwamba Faldesi, msichana wa miaka thelathini, aliuona mlima ukipasuka na akaapa kulirudisha jina la ukoo wake.

Hesabu ilikuwa ya kwanza kunikataa. Kutoka mwaka 5 hadi 201 ni miaka 196. Dunmer huishi hata zaidi ya miaka 200, kwa hiyo shahidi wa mlipuko anaweza kuwa hai, lakini ni ajuza. Kabla ya chochote, mkuu, chora mstari wa miaka pembeni ya karatasi ya mhusika: alizaliwa lini, mama yake alizaliwa lini, lipi lilitokea akiwa tumboni, lipi akiwa na miaka kumi. Hilo tu.

Lakini kilichonibadilisha hasa ni mwenzetu mmoja. Alizaliwa Ulyankulu, mkoa wa Tabora, kwa wazazi waliovuka kutoka Burundi mwaka 1972. Tulikuwa tumecheza naye miezi mingi bila yeye kulizungumza wala sisi kumuuliza. Nilipomaliza kusoma maisha ya Faldesi kwa sauti, kilio, moto, kiapo, akaniuliza swali moja: "Wakati wanakimbia, mama yake alibeba nini?"

Nikajibu hirizi ya ukoo na kisu cha fedha.

Akakaa kimya kidogo, akasema mama yake yeye alibeba mbegu za maharage kwenye pindo la kitenge, na sufuria isiyo na mfuniko. Akauliza tena: "Na usiku wa kwanza walilala kwa nani?" Sikuwa na jibu. Hakuwa amekasirika, ila mimi niliona aibu. Mkoa huu umepokea watu wa Burundi na wa Kongo kwa miongo mingi, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo tangu 1996, tunauziana nao, tunaoana nao, nami nilikuwa nimeukamata ukimbizi nikaufanya pambo la mhusika. Nilimuomba radhi, kisha nikamuuliza kama naweza kuyatumia maswali yake. Akasema: "Tumia, ila usimfanye mama yake Faldesi alie kila saa, kwa sababu mama yangu alikuwa mtu wa kucheka sana."

Nikaandika upya. Faldesi ana miaka sitini, kwa Dunmer bado ni kijana, na amezaliwa Windhelm. Morrowind hajawahi kuiona. Aliyekimbia ni mama yake, akiwa binti mdogo, na alichobeba ni viazi vya majivu, zao la kwao Morrowind, vitatu vya mbegu, vimefungwa kwenye kitambaa. Windhelm ni theluji mwaka mzima. Alipanda cha kwanza kikaoza. Cha pili kikaoza. Cha tatu hakukipanda tena, kimekauka kama jiwe, kipo kwenye rafu, na kila mgeni akija kinashushwa, kinasimuliwa, wanacheka, kinarudishwa. Faldesi anakichukia kile kiazi. Yeye anapaa samaki bandarini kutwa nzima, mikono imepasuka kwa chumvi na baridi, anaongea kama watu wa Nord, wenyeji wa Skyrim, na bado mjini anaitwa mgeni, na nyumbani anaambiwa kwao ni mahali ambapo hajawahi kukanyaga.

Hakuna kiapo na hakuna kisasi. Lakini mwendesha mchezo wetu alipoisoma alianza kuandika mambo pembeni palepale.

Nikuguse kwenye kazi, maana wengi wanairuka. Andika "mvuvi" na hujaandika kitu. Mtu wa Kibirizi au Katonga, huku kwetu ufukweni Kigoma, anajua kwamba mvuvi wa dagaa maisha yake yanaongozwa na mwezi. Giza likiwepo, taa zinawashwa ziwani usiku na pesa ipo. Mbalamwezi ikikaa, mitumbwi inapumzika, nyavu zinashonwa, madeni ya dukani yanapanda na ugomvi wa nyumbani nao unapanda. Kwa hiyo ukimpa mhusika kazi, mpe na kalenda yake: lini ana pesa, lini hana, nani anamdai katikati. Mwenzetu mwingine alicheza Argonian kuli wa Windhelm. Kwenye gemu Waargonian wa pale hawaruhusiwi kuishi ndani ya kuta, wanakaa gatini, na ujira wao ni mdogo kuliko wa Nord kwa kazi ileile. Hakuongeza simanzi yoyote. Alisema tu kwamba mhusika wake huhesabu magunia kwa sauti, kila gunia, kwa sababu aliwahi kupunjwa. Tulikuwa shimoni tunapigana na maiti zinazotembea, naye anahesabu kwa sauti. Sitakaa nimsahau.

Jina la huyo Argonian ni Anayesubiri-Mvua. Kwenye ulimwengu ule majina ya Waargonian mengi ni ya maelezo namna hiyo, na Kiswahili kinayabeba vizuri sana. Tena kwetu jina kubeba habari si jambo geni. Ukiitwa Bukuru au Butoyi watu wanajua una pacha, ukiitwa Chiza wanajua ulifuata mapacha. Mpe mhusika jina lenye sababu, halafu fikiria anavyojisikia kulibeba. Aliyeitwa kwa mvua ambayo haikunyesha anabeba nini?

Mpe pia jambo analoliamini vibaya. Mwaka 122 sehemu kubwa ya mji wa Winterhold ilimeguka ikatumbukia baharini, Chuo cha wachawi kikabaki kimesimama. Wenyeji wanakilaumu Chuo, Chuo kinakana. Mtu aliyezaliwa pale hatakuja mezani na ukweli wa pande zote mbili. Atakuja na hasira ya babu yake. Wewe mchezaji umesoma habari zote kwenye mtandao, yeye kasikia upande mmoja akiwa amekaa jikoni. Mara nyingi mhusika hukosa uhai kwa sababu anajua kila kitu ambacho mwenye kumwandika anakijua.

Upanga wa baba, kama unaupenda, ubaki, lakini upe maisha. Nikiwa bandarini nikaitazama Liemba huwa nawaza hivyo. Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa hapa ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915 ikiitwa Goetzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha isitekwe, lakini kabla ya hapo mafundi wakazipaka injini grisi nzito zisioze. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini na jina jipya. Hiyo grisi ndiyo ninayoipenda. Mtu anakiharibu kitu na huku anakitunza. Upanga wa baba yako uwe na grisi yake: nani aliuficha akiwa na matumaini gani, nani aliufukua, ulibadilishwa jina lini?

Kama nyinyi mnatumia Dungeons & Dragons, mchezo mwingine wa mezani, na ulimwengu wake wa Forgotten Realms, njia haibadiliki. Mji wa Waterdeep unatawaliwa na mabwana ambao wengi wao huficha sura kwa vinyago. Usiwe mtoto wa siri wa bwana mmoja. Uwe mpishi uliyewahi kupika kwenye shughuli yao, ukasikia kikohozi nyuma ya kinyago, na wiki iliyofuata ukakisikia kikohozi kilekile kwa mwenye nyumba wako.

Kuhusu urefu, ukurasa mmoja unatosha. Usifunge kila kitu. Acha mtu mmoja hai anayemdai, mtu mmoja hai anayempenda, na jambo moja ambalo hata wewe hujaamua. Mwendesha mchezo anahitaji pa kushika. Ukimpa kurasa kumi zilizokamilika umemwachia kusoma tu.

Mwezi uliopita kundi letu lilipanda meli kwenda Solstheim, tukashukia Raven Rock, mji wa Dunmer. Sikuwa nimemwomba mwendesha mchezo chochote. Tulipofika sokoni akatuambia kuna mzee anauza viazi vya majivu, vibichi, vimetoka shambani asubuhi ile. Akaniambia nirushe dadu nione kama Faldesi ataving'amua. Nikamwambia hakuna haja ya dadu, anavijua, ila hajui vinamenywaje. Mwenzetu wa Ulyankulu, ambaye mhusika wake ni Nord mkubwa asiye na subira, akavua glavu, akachukua kisu, akakaa chini pale sokoni akaanza kumenya bila kusema neno. Hatukucheza tena mapigano jioni ile, na hakuna aliyelalamika.

Basi mkuu, huyo yatima wako mlete hapahapa tumsaidie. Anza na kazi ya mama yake, na useme moto ulipowaka alikimbia na nini mkononi.