Kikosi cha moto mtaani: maswali kutoka Tanga

Tumejiandikisha watu 40 hapa Makorora. Tuanze na nini?
Arobaini ni wengi kwenye mkutano, saa nane usiku hawaonekani. Gaweni kwa mashina: kila mjumbe awe na watano wanaolala hapohapo. Mvuvi na dereva wa masafa waandikwe, ila wasitegemewe peke yao. Mwenyekiti wa mtaa apewe orodha.

Kisha gaweni kazi. Mmoja apige 114, ataje mtaa, msikiti au shule iliyo karibu, kinachoungua na kama kuna mtu ndani. Asikate simu kabla ya kuambiwa. Mmoja azime umeme kwenye swichi kuu. Mmoja akasimame barabara kubwa alipokee gari la zimamoto. Huyu ndiye husahaulika, na gari huishia kuzunguka vichochoroni.

Nyumba nyingi ni za makuti. Ndoo zinatosha?
Paa la makuti likishashika, hesabuni limekwenda. Hakikisheni watu wametoka, maji yapelekeni kwenye paa la jirani upepo unakoelekea. Kaskazi hurusha cheche kusini-magharibi. Kusi huzirudisha kaskazini. Wekeni ngazi na upondo wenye ndoana wa kuvutia makuti chini. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20: anayeipokea ngazini huyumba na nusu humwagika. Jazeni nusu, mstari uende haraka.

Jirani wa Pongwe anachoma shamba. Tumzuie?
Aombe kwanza ruhusa ya serikali ya mtaa, na asiwashe kabla ya kulima njia ya kuzuia moto: mita 3 au zaidi, mpaka udongo uonekane. Kufyeka tu hakutoshi, moto hutambaa kwenye majani makavu yaliyobaki chini. Nyasi zikiwa ndefu kuliko mtu, njia ipanuliwe. Achome asubuhi kabla upepo wa bahari haujashika kasi, akianzia upande upepo unakokwenda ili moto urudi polepole. Visiki vya minazi huficha makaa. Kesho yake rudini, pitisheni mgongo wa kiganja karibu na kila kisiki bila kukigusa. Penye joto, mwagieni maji na kuchimbua.

Mafuta ya kukaangia yakiwaka?
Zima jiko, funika kwa mfuniko, usiondoe mpaka yapoe. Maji hapana kabisa.

Kikosi hiki kifanye na mafuriko?
Ndiyo, hasa Amboni kando ya mto Zigi wakati wa masika. Ongezeni orodha ya wazee, wajawazito na wasioweza kutembea, kila mmoja na jina la atakayembeba. Ibadilisheni kila mtu akihama.