Kwa nini fas2 haifi, na kizazi gani cha kupima

Mutanti wa fas2 (jeni FAS2 iliyoharibika) wa Arabidopsis, mmea mdogo wa maabara, anaishi bila CAF-1 kwa sababu shaperoni za histoni, yaani protini zinazopanga histoni ambazo DNA huzizunguka, ni zaidi ya moja. CAF-1 (FAS1, FAS2 na MSI1) huweka H3.1, aina moja ya histoni H3, pale DNA inaponakiliwa. HIRA, shaperoni nyingine, huweka aina ya H3.3 hata nje ya unakili, hasa kwenye jeni zinazofanya kazi. H3.1 ikipungua, H3.3 huziba pengo, ila si sawasawa: nafasi ya 31 ya H3.3 ina threonini badala ya alanini, na hapo vimeng'enya ATXR5 na ATXR6, vinavyoweka metili moja kwenye lisini ya 27, hukwama.

Kinachoharibu majaribio mengi ni kizazi. Katika fas1 na fas2, telomea (ncha za kromosomu) na nakala za rDNA ya 45S (jeni za RNA ya ribosomu) huzidi kupungua kila kizazi. Ukipima utendaji wa jeni kwenye kizazi cha 5, hujui unachokiona kimetokana na kromatini (DNA pamoja na histoni zake) au na rDNA iliyopotea. Anza na mzazi mwenye nakala moja nzima ya jeni la FAS na nyingine iliyoharibika, linganisha watoto wake mutanti na ndugu zao wa kawaida, na andika kizazi kwenye kila bahasha ya mbegu.

MSI1 iache kando: imo pia kwenye PRC2, kundi jingine la protini linalozima jeni, na ikikosekana kabisa kiinitete hufa.